Majana ya nyuki dume kwenye uji wa watoto: kisa cha kikundi kimoja cha Mufindi

Kopo lilikuwa la kahawa, limeoshwa likang'aa, na ndani yake mlikuwa na unga wa kahawia iliyoiva, wenye harufu ya karanga zilizokaangwa kupita kiasi. Mama mwenyekiti alilisogeza mbele yangu kabla sijamaliza kuitikia "kamwene" za wanakikundi. "Mwanangu," akasema, "huu ni unga wa majana ya nyuki dume. Protini asilimia 50. Nyama haifiki hata nusu yake. Tunataka uingie kwenye uji wa watoto." Majana ni nyuki wachanga ambao bado wamo kwenye vitundu vya sega.

Kikundi hiki cha wafugaji nyuki kina wanachama 16, wengi wao akina mama, na mizinga 22 ya masanduku, ile yenye viunzi vya juu ambavyo nyuki hujengea masega yao. Manzuki, yaani eneo inapokaa mizinga, iko pembezoni mwa shamba la miti la Sao Hill, pale mipaina inapoishia na milingoti (mikaratusi) inapoanzia. Mpaina haumpi nyuki nekta; milingoti na maua ya mabondeni ndiyo yanayowalisha. Asali yao ni nzuri na inauzika. Wazo la majana halikutokana na njaa ya fedha, nami nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu nilichowaambia baadaye hakikuwa cha kufurahisha.

Wazo lilitoka kliniki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa, mkoa wenye Mufindi, na watoto wenye udumavu asilimia 57 kati ya wale walio chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Njombe na Rukwa zilifuata kwa asilimia 50 hivi. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Hii ni mikoa inayojaza maghala ya nchi kwa mahindi, viazi na maharage. Mama mwenyekiti aliisikia takwimu hiyo akiwa amempakata mjukuu wake. Aliporudi nyumbani akaenda kuangalia kwenye mizinga yake kuna nini cha kumpa mtoto.

Hakuanzia hewani. Yeyote aliyewahi kurina asali anayajua majana: yale mabuu meupe na wale nyuki ambao hawajakomaa, wamelala kila mmoja kwenye kitundu chake. Mtoto aliyefuatana na babu yake porini alikatiwa kipande cha sega akatafuna vyote, asali, majana na nta, akatema nta. Majana ya dume ndiyo manono zaidi. Vitundu vyake ni vipana na vifuniko vyake vimevimba kama kichwa cha risasi, tofauti na vya nyuki vibarua ambavyo ni karibu bapa. Korea Kusini iliyatambua mwaka 2020 kuwa malighafi ya chakula. Kwa hiyo swali la kama yanalika lilikuwa limekwisha jibiwa na babu zetu. Lililobaki ni yana nini ndani yake, na yanatosha nani.

Asilimia 50 ya nini?

Namba ya mama mwenyekiti haikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa kwamba ilipimwa kwenye kitu kikavu ikalinganishwa na kitu kibichi.

Majana mabichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Kipimo kinachotajwa sana, kilichochapishwa Marekani mwaka 2005, kilikuta katika gramu 100 za majana ya nyuki wa asali maji gramu 77 hivi, protini gramu 9.4, mafuta gramu 4.7 na wanga gramu 8. Ukiyakausha majana ya dume mpaka maji yaishe, protini inapanda hadi kati ya asilimia 40 na 50 na mafuta yanakuwa robo hivi ya uzito, kutegemea umri wa majana. Hapo hujaongeza protini, umeondoa maji. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikiwa mbichi buchani, ina protini gramu 20 na kidogo kwa kila gramu 100, nayo pia imejaa maji. Ikaushe kabisa na itapita asilimia 70. Kulinganisha unga wa majana na nyama mbichi ni sawa na kupima debe la mahindi makavu dhidi ya mahindi mabichi ya kuchoma.

Nikawaomba tulinganishe na yai. Yai la kuku bila ganda ni maji kwa asilimia 76, protini gramu 12 na nusu hivi, mafuta karibu gramu 10. Majana mabichi yanakaa jirani kabisa na hapo: maji yaleyale, protini pungufu kidogo, mafuta nusu yake, na wanga ambao yai karibu halina. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akapiga makofi: "Kumbe mzinga nao unataga!" Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo, na tangu siku hiyo nayatumia.

Ipo tahadhari moja kuhusu namba za maabara. Protini haipimwi yenyewe moja kwa moja. Hupimwa naitrojeni, kisha jibu linazidishwa kwa 6.25. Wadudu wana kitini, ile ngozi ngumu ya nje, nayo ina naitrojeni isiyo ya protini. Majana machanga yana kitini kidogo, hivyo namba yake inaaminika zaidi kuliko ya nyuki aliyekaribia kutoka. Anayesaga majana yaliyokomaa anapata unga wenye namba kubwa kwenye karatasi na chakula kidogo kuliko namba hiyo inavyosema.

Ubora wa protini yenyewe ndio ulionifurahisha. Majana yana asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zote ambazo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea, ikiwemo laisini. Mahindi ni maskini wa laisini, na mtoto wa huku anakula mahindi asubuhi kama uji, mchana kama ugali na jioni kama ugali tena. Chochote chenye laisini kinachoingia pembeni ya sahani hiyo kinaifanya hata protini ya mahindi yenyewe itumike vizuri zaidi. Maharage yanafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, na nilisema hivyo hapohapo, lakini siwezi kuwanyima majana haki yake.

Mafuta yake mengi ni ya aina mbili, oleiki na palmitiki. Yale mafuta ya samaki tunayoyatafuta kwa ajili ya ubongo wa mtoto karibu hayamo. Dagaa wanabaki mahali pao. Madini: potasiamu na fosforasi ndizo zilizo nyingi, na kuna chuma na zinki kati ya miligramu moja na mbili kwa kila gramu 100 mbichi. Kalsiamu ni haba, miligramu 14 hivi dhidi ya 179 za fosforasi. Mfupa wa mtoto hautajengwa na majana. Hapo tunarudi kwenye maziwa.

Kwenye karatasi yao, iliyochapwa kwa rangi kutoka simu ya kijana mmoja wa kikundi, kulikuwa na mstari mwingine: "Vitamini A na D nyingi kupita mafuta ya ini la samaki." Huu una historia. Mwaka 1960 watafiti wawili waliokuwa Canada walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba majana yana vitamini hizo kwa wingi wa kushangaza, na dai hilo limekuwa likinakiliwa toka mkono hadi mkono. Vipimo vya baadaye havikuzikuta kwa kiasi cha maana. Vitamini za kundi B zipo kweli, na kolini ipo ya kutosha. Ila mzazi atakayeacha kumpa mtoto mboga za majani, papai au viazi vitamu vya njano kwa sababu ana kopo la unga wa nyuki atamuumiza mtoto wake. Niliomba mstari ule ufutwe siku hiyohiyo. Ulifutwa.

Manzuki na mzinga namba 9

Kesho yake tulikwenda kwenye mizinga. Nilitaka kuona kitu ambacho kopo haliwezi kuonyesha, yaani kiasi.

Nyuki dume hukaa siku 24 tangu yai hadi kutoka: siku tatu yai, wiki moja hivi buu wa kulishwa kwenye kitundu kilicho wazi, kisha kitundu hufunikwa kwa nta karibu siku ya kumi. Buu aliye wazi ana tumbo lililojaa chavua. Baada ya kufunikwa hutoa kilichomo tumboni, akageuka taratibu. Wakati wa kuvuna ni pale mwili ni mweupe kabisa na macho yameanza kuwa ya waridi au zambarau. Ukichelewa, mafuta na sukari alizoziweka akiba zinakuwa zimetumika kujenga mabawa na miguu, na unapata ganda la kutafuna.

Tulifungua mizinga yote 22. Kumi na mitatu ilikuwa na majana ya dume, mingi ikiwa na kiganja kimoja tu pembeni mwa sega. Hilo ni la kutarajiwa. Kundi hulea madume wakati maua ni mengi na linajiandaa kugawanyika. Chakula kikipungua, madume ndio wa kwanza kunyimwa na kusukumwa mlangoni. Nyuki mmoja wa kufunikwa hafikii theluthi ya gramu. Tulikata, tukatoa kwa vijiti vilivyochongwa, saa nne nzima za mikono ya watu sita, na mizani ikasema kilo 1 na gramu 400.

Gramu 300 kati ya hizo, zaidi ya sehemu moja ya tano, zilitoka mzinga mmoja, namba 9. Kijana wa kikundi alikuwa akiuita mzinga wa baraka, na kila walipotaka majana ndiko walikokimbilia kwanza.

Nilipolishika sega lake nikajua kuna tatizo. Vifuniko vilivyovimba vilikuwa vimetawanyika ovyo kwenye vitundu vidogo vya vibarua, si pamoja pembeni kama inavyopaswa. Nilipogeuzia mwanga kwenye vitundu vilivyo wazi nikaona mayai mawili, matatu, mengine yamebandikwa ukutani mwa kitundu badala ya kusimama chini. Kundi lile halikuwa na malkia. Malkia akipotea na nyuki wakashindwa kulea mwingine, baadhi ya vibarua huanza kutaga, na kwa kuwa hawakupandwa, kila yai lao linakuwa dume. Vibarua waliopo wanazeeka na hakuna wa kuwarithi. Walichokuwa wakikiita baraka kilikuwa mzinga unaokufa, na kwa wiki kadhaa walikuwa wamevuna dalili ya ugonjwa bila kuuliza ugonjwa.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linalobadilisha hesabu yote. Kundi lenye afya hutoa madume kidogo na kwa msimu. Ukiona mzinga unatoa majana ya dume mengi mfululizo, mtafute malkia kabla hujatafuta sufuria.

Wenzetu wa Ulaya wana sababu yao ya kukata majana ya dume: utitiri wa varoa hupenda zaidi vitundu vya madume, hivyo wafugaji huweka sega la madume kama mtego, hulikata likishafunikwa, na majana hubaki mkononi kama mazao ya ziada. Varoa ipo Tanzania pia. Lakini nyuki wetu wanaishi nao bila dawa, na wafugaji wa Mufindi hawana ulazima wa kukata. Kila sega la madume wanaloondoa ni chakula ambacho kundi lilikwisha kukitumia na ni madume watakaokosekana angani malkia wachanga watakapotoka kupandwa. Malkia mmoja hupandwa na madume zaidi ya kumi. Ukiyafagia madume ya mizinga yako bora kila msimu, malkia wako watapandwa na madume ya mizinga ya wengine, mizuri na mibaya.

Hesabu ya kikombe

Mpango wao ulikuwa gramu 10 za unga, vijiko viwili hivi, kwenye kikombe cha uji cha kila mtoto kwenye kituo cha watoto cha kijiji. Watoto 40, siku tano. Ni kilo 2 za unga kwa wiki. Kwa kuwa majana ni maji kwa asilimia 77, kilo 2 za unga zinataka karibu kilo 9 za majana mabichi. Mizinga 22 ilikuwa imetoa kilo 1.4, yaani unga wa gramu 320, vikombe 32. Watoto wanane wangebaki mikono mitupu siku ya kwanza.

Hata tungesema kila mzinga unaweza kurudia kila baada ya wiki tatu, jambo ambalo haliwezekani, wangehitaji mizinga zaidi ya 400. Na kila mtoto angepata nini? Gramu 10 za unga zina protini gramu nne hadi tano. Yai moja lina sita.

Kimya kilichofuata kilikuwa kigumu kwangu. Mama mwenyekiti aliangalia lile kopo kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo tumefanya kazi bure?" Nikamjibu hapana, na sikumjibu hivyo kwa kumfariji. Familia ya mfugaji inayopata kiganja cha majana mara chache kwa mwaka imepata mlo wa yai, wa bure, wenye laisini ambayo ugali hauna. Kisichowezekana ni kukigeuza kiganja hicho kuwa kiwanda.

Kulikuwa na mambo mengine matatu, na mawili kati yake ni mazito.

La kwanza ni umri wa watoto. Kituo kilikuwa na wachache walio chini ya mwaka mmoja, wanaoletwa na mama zao. Asali haipewi mtoto wa umri huo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo lake haliwezi kuzizuia, na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Majana hutoka kwenye masega yaleyale, yanagusana na asali ileile na visu vilevile. Sikukubali kijiko hata kimoja kwa mtoto aliye chini ya mwaka. Kwa wakubwa, swali la kuuliza kwanza ni kama wamewahi kuvimba mwili au kubanwa pumzi kwa kuumwa na nyuki, au kudhurika kwa kula kamba wa baharini au wadudu wengine. Kituo cha watoto 40 hakina wa kuuliza maswali hayo kila asubuhi.

La pili lilikuwa rangi ya ule unga. Majana yakitolewa kwenye kitundu na kupasuka huanza kuwa meusi upesi, kama ndizi mbichi iliyomenywa, kwa sababu ya vimeng'enya vyake yenyewe. Kikundi kilikuwa kikivuna jioni na kukausha juani kesho yake. Baridi ya usiku ya Mufindi ni kali lakini si friji. Dawa yake ni kuyatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache mara tu yanapotolewa, kisha kuyakausha au kuyapika. Walijaribu pia kuchemsha sega zima ili kuokoa saa za vijiti, nta ikayeyuka na kuyafunika majana yote. Hawakurudia.

La tatu aliliibua yule kijana wa simu. Alikuwa amesoma kwamba majana ya dume huongeza nguvu za kiume, na akaona soko hilo ni kubwa kuliko la uji. Yapo mazao ya namna hiyo. Romania walianza kuyatengeneza kwa mabuu ya dume yaliyosagwa, na homoni kidogo zimepimwa humo. Sehemu kubwa ya majaribio ni ya panya na kuku. Nilimwambia wazi: mdogo wangu, kopo moja haliwezi kuandikwa dawa ya wanaume upande huu na chakula cha watoto upande wa pili. Mama mwenyekiti ndiye aliyefunga mjadala huo, kwa sauti ambayo sikuhitaji kuongezea neno.

Walichoamua ni hiki. Unga haukuingia kituoni. Sehemu ya fedha za asali inanunua maharage na dagaa wa kusaga kwenye uji, na mayai kila wanapoweza. Majana yanaliwa nyumbani kwa wafugaji, yanapotokea kwenye sega linalokatwa kwa sababu nyingine, kama lile lililojengwa kombo kati ya viunzi viwili. Hayachukuliwi mahali ambapo wakulima wa nyanya na viazi wametoka kupulizia dawa, kwa kuwa chavua hiyo ndiyo iliyowalisha mabuu. Mama mwenyekiti huyachemsha kidogo, akayakaanga na kitunguu na chumvi. Nimeyala nyumbani kwake. Yana ladha kati ya yai na karanga mbichi, na mjukuu wake, aliyekwisha kupita miaka miwili, aliyamaliza kabla yangu.

Mzinga namba 9 tuliupa kiunzi chenye mayai na mabuu machanga kutoka mzinga namba 4, tukarudia wiki ya pili na ya tatu, kwa sababu vibarua wanaotaga hawaachi kwa mara moja. Wiki ya nane yule kijana alinipigia simu kutoka manzuki. Alikuwa amelishika sega juani na kuhesabu. Kila kitundu kilikuwa na yai moja, limesimama chini katikati, na vifuniko vipya vilikuwa bapa.